Udongo wa Kwanza Autupe Ambani

Mpendwa dada yangu Ayuma,

Pokea salamu kutoka huku kwenye maji ya barafu. Natumaini wewe na watoto hamjambo, na kwamba Mama anakula hata kama ni kidogo. Mimi mwili ni mzima; moyo ndio umelala. Barua hii nitaipiga picha niitume mtandao ukirudi, nawe umsomee Mama polepole.

Siku ileile uliponiambia Baba ametutoka, nilimwomba nahodha tugeuze meli. Si mtu mbaya. Alinionyesha ramani: bandari ya karibu ni safari ya siku tisa, na watafiti wa nyangumi tuliowabeba hawatamaliza kazi kabla ya miezi miwili. Nikarudi kwenye injini zangu nikalia huko, kwa sababu kelele yake inamficha mtu.

Unakumbuka Baba alivyonicheka? Eti nimesomea ufundi chuoni Sigalagala ili nikaangalie samaki wasioliwa. Naye maisha yake yote alikuwa akitembeza wageni msituni Buyangu, akiwaonyesha ndege wasioliwa! Kisha akanipa darubini yake.

Jumanne iliyopita niliitumia. Nyangumi mwenye nundu alikuwa na ndama wake, orka wakawazunguka. Hao orka ni jamii ya pomboo, wakubwa, weusi wenye mabaka meupe, na huwinda kwa kundi kama mbwa mwitu. Mama yule alimbeba ndama mgongoni kumtoa majini, wakamwangusha, akambeba tena. Ilikuwa hivyo asubuhi nzima. Nilimsihi mtafiti mkuu aniruhusu niwashe injini, pengine wangetawanyika. Akasema, "Sisi hatuingilii. Tunatazama tu." Baba naye aliniambia hivyohivyo nilipokuwa mdogo, tai alipombeba mtoto wa kima mbele yetu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi. Niliuondoa. Kufika saa sita mama alikuwa anaogelea peke yake, akizunguka palepale.

Tangu hapo sina hamu ya kitu. Nasikia tu sauti ya Mama tulipoongea mwisho kwenye simu: "Wewe ndio mkubwa. Tutakungojanga mpaka lini?" Najua Baba Mdogo ameshikilia kwamba kaburi halifunikwi kabla kifungua mimba hajatupa udongo wa kwanza. Hii ni wiki ya tatu Baba yuko mochari kwa sababu yangu, na mimi sitafika.

Ayuma, msiningoje. Mzikeni Baba. Udongo wa kwanza autupe Ambani, mdogo wetu. Mwambie nimemruhusu mimi mwenyewe, asiogope. Nikijaliwa kurudi, nitaanzia kaburini kabla ya kuingia nyumbani, kama afanyavyo mtu aliyekosa mazishi.

Nisalimie Shangazi anayelala na Mama siku hizi, na jirani anayemkamulia ng'ombe. Baba Mdogo naye umsalimie. Siku ya kugawa vitu vya marehemu ataitafuta ile darubini. Mwambie ninayo mimi. Niliona kila kitu nayo, na sikufanya lolote.

Ni mimi kaka yako, niliye mbali nanyi,
Shikanda