Madoa Yamerudi Kwenye Tuta la Mjomba

Jumanne. Mvua tangu alfajiri.

Niseme ukweli kwanza: kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo hakuna kijana anayeijua stroberi kunishinda. Babu yangu aliipita njia hiyo yote na pembe ya ndovu begani. Mimi ningeibeba njia yenyewe. Na darasa la nne halikunishinda. Niliondoka ili wenzangu nao wapate kusifiwa.

Leo majani yamenishinda.

Mjomba Kapela ndiye mtunza bustani wa misheni. Stroberi zake zililetwa kwa gari moshi, mizizi imeviringishwa kwenye gunia bichi, na Padri anazipenda kama watoto wa ubatizo. Masika haya majani yalianza kutoka vidoa vya zambarau. Kila kidoa kikapauka katikati, kikawa kama jicho la kuku mgonjwa. Ukiliangalia jani, linakukodolea.

Bwana Shamba alikuja na baiskeli yake, akachuchumaa, akasema ni ukungu. Unakaa ndani ya jani, na tone la mvua likiruka linaupeleka kwa jirani. Akaagiza tukate majani yote yenye madoa tuyachome moto, miche tuiachanishe ipate upepo, kisha tupulize mrututu, ile dawa ya buluu, uliokorogwa na chokaa. Mjomba akachukua kazi ya mrututu, maana alisema mimi ningeunywa ili nisifiwe. Majani akanipa mimi.

Padri naye akasema, kwa upole wake ule unaotisha, kwamba stroberi zikifa atapanda kabichi, na kabichi haihitaji mtu wa kuilea. Mjomba ana goti bovu na chumba kimoja nyuma ya jiko la misheni. Akitolewa pale, hana pengine.

Basi tukafanya kazi. Yakachipua majani mapya, safi kabisa. Nikawatangazia wasichana wanaopita kwenda kisimani kwamba siku hizi Bwana Shamba anakuja kuniuliza mimi. Mmoja akanijibu bila kusimama, "Wewe na stroberi ni ndugu. Rangi nyingi, ndani maji." Nilicheka. Nilikuwa na haki ya kucheka, tuta lilikuwa kijani.

Juma lililopita mvua ilizidi. Madoa yakarudi.

Mjomba anapuliza asubuhi, adhuhuri mvua imeosha buluu yote, anakoroga tena. Leo hakuna mche uliopona. Nimemkuta amepiga lile goti bovu kwenye tope, anageuza jani moja moja, kama anayetafuta sindano iliyopotea.

"Mpwa wangu," akasema, "labda mkono umezeeka. Labda chokaa nilikosea kupima."

Nikamwambia ni mvua tu, mjomba.

"Mvua," akasema. Akafuta mikono kwenye suruali, akaendelea kugeuza majani.

Kesho baada ya misa Padri anakuja kuangalia. Mjomba ameshaanza kukunja mkeka wake. Anasema anataka kufagia chini yake tu.

Sasa usingizi hauji, na ninajua sababu.

Siku ile ya kuchoma, majani yalikuwa mabichi, kiberiti kinazimika. Nami nikajiuliza, kwetu Kigwa nani anachoma majani? Mnyamwezi anapasua tuta la zamani, analaza magugu ndani, anafunika udongo, na mwaka ujao mahindi yanamshukuru. Nikaona Bwana Shamba ni mtu wa vitabu, hajui tuta. Nikayalaza majani yale yote miguuni pa stroberi, nikafunika vizuri, nikajisifu moyoni kwamba nimeponya na kurutubisha kwa mpigo mmoja.

Leo mvua imebomoa ubavu wa tuta, nikayaona, meusi, bado yana madoa. Niliyakanyaga yasionekane mpaka Mjomba alipopita.

Chokaa alipima sawasawa. Majani niliyafukia mimi, na sijamwambia.