Pini ya Kasesya

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Sumbawanga mahindi yamenyauka, na mjomba wako bado anakohoa.

Unauliza uanzeje kujifunza redio hiyo inayotuma mahali ulipo kwenye ramani ya kompyuta. Malori ya watu binafsi yalipoanza, mimi nilikaa ofisini kwenye redio ya upepo, ile ya kuongea na madereva njiani, nikichomeka pini kwenye ramani pale kila dereva alipoita. Siku moja babu yako, naye dereva, aliita akiwa Msanzi, kisha akanyamaza. Tajiri mwenye malori hakupenda kuona pini imesimama, kwa hiyo tulizoea kuzisogeza kwa kukisia. Kwenye ramani nikamfikisha Kasesya, mpakani. Walimtafuta huko siku mbili, kumbe alikuwa bondeni chini ya lori lake, amekufa, pale pale Msanzi.

Redio ikinyamaza, alama usiisogeze. Anzia hapo.

Ramani ninayo. Ile pini nimeshindwa kuing'oa.

Bibi yako