Usipeleke Simu, Mtume Lugano

Dada yangu Tusekile,

Ugonile, dada. Barua hii ikukute umeamka salama, wewe na shemeji na watoto. Mama amelalaje? Uliniandikia kwamba hamalizi hata nusu kikombe cha uji, na tangu nisome hayo chakula changu nacho hakipiti. Mimi ni mzima, ila shingo haigeuki. Wiki tatu nzima nimetazama juu, na sababu yake nataka uijue, maana inamhusu Mama pia.

Hapa kiwanda cha chai tumeletewa karani mkuu mpya, Bwana Filimoni, mtu anayevaa tai hata siku ya kupanga magunia. Alipofika tu alituona sote washamba. Akamwambia meneja kwamba kiwanda cha kisasa hakipelekewi habari kwa miguu, kinasemeshwa kutoka darini. Meneja wetu hupenda kitu chochote kinachofika ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, akakubali. Na fundi wa umeme hapa ni mdogo wako, basi nikapanda ngazi.

Mashine yenyewe inakaa ofisini. Mbele ina swichi ya njia tatu: ukizungusha huku unapata redio, katikati santuri, na mwisho kipaza sauti anachosemea karani. Kutoka hapo nimepitisha waya juu ya dari mpaka kwenye spika kumi na mbili. Nilimwambia kwamba chumba cha mashine za kusokota majani hakifai, kwa sababu mashine zinanguruma mpaka watu husemezana kwa mikono. Akanijibu kwamba mimi nimeajiriwa kufunga waya, sikuajiriwa kufikiri. Nikazifunga spika nne palepale alipotaka. Mpaka leo kila asubuhi anawatakia siku njema watu ambao hawajui kama kuna mtu anasema. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili letu hata kuvuma kwake hakusikiki.

Kunakosikika ni kwenye chumba cha kuchambulia chai, waliko wanawake. Siku ya kwanza aliwasalimu kwa Kihehe alichokiokota njiani, "Kamwene." Wale akina mama ni watu wa adabu. Waliacha chai, wakaitikia wakitazama juu, kisha wakangoja awaulize za nyumbani kama inavyopasa. Karani alikuwa amekwisha kuzungusha swichi, dansi inapigwa. Mama Agripina, mkubwa wao, akasema mtu anayesalimu bila kungoja jibu hasalimu, anafukuza kuku. Tangu siku hiyo hawakumwitikia tena. Nilicheka sana, dada, nami sikujua ninacheka nini.

Jumanne iliyopita nilikuwa juu ya ngazi chumbani humo, napangusa vumbi la chai lililoziba spika. Santuri ilikuwa inapigwa. Ikakatika, karani akasafisha koo kama kawaida yake, utadhani ni askofu.

"Agripina, nambari hamsini na nne. Dereva ameleta habari kwamba mume wako amefariki hospitalini. Una ruhusa ya siku tatu. Wengine endeleeni na kazi."

Akazungusha swichi, na dansi ikarudi, imekwisha kufika kwenye tarumbeta.

Mama Agripina hakulia. Mikono yake iliendelea kutoa vijiti kwenye chai, kimoja kimoja. Halafu akainua uso kwangu pale juu. "Mwanangu, umesikia na wewe, au ni masikio yangu?"

Nikashuka. Nilimshika mkono nikamkalisha juu ya gunia, mwenzake akamshika mabega, nami nikachuchumaa mbele yake nikamwambia upya, polepole, kwa mdomo wangu, kwamba mzee wake ametangulia. Hapo ndipo alipolia. Tarumbeta zilikuwa zinaendelea juu ya vichwa vyetu. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona, kwa sababu spika ile niliifunga mimi, na sauti yake niliipima mimi ili isikike vizuri.

Nilikwenda ofisini na vumbi langu. Nikamwambia karani kwamba habari ya msiba hubebwa na mtu, na mtu huyo hukaa chini, huomba maji, ndipo husema. Hakuinua hata macho. "Asajile, tumeweka mashine ya nini basi, kama bado tutatuma watu kwa miguu?" Kisha akaniambia kwa fahari kwamba jambo lote halikufika dakika moja. Nilimtazama nikaona sina hata hasira naye. Mtu humkasirikia mtu. Yule ni kipaza sauti kilichovaa tai.

Sasa nisikilize vizuri, dada. Nimeomba ruhusa nije nimwone Mama, nimekataliwa mpaka wakubwa waje kuzitazama spika hizi mwezi ujao. Nikiondoka bila ruhusa, kazi imekwisha. Na kila simu ya maandishi inayofika posta huletwa ofisini, na karani ndiye anayeifungua. Spika ya karakana yangu nimeikata waya. Anadhani ni panya, ameniagiza nitafute mtego. Lakini hilo halinisaidii, maana wanawake watasikia kabla yangu, nami nitajua kwa kuwaona wakinijia. Popote nilipo kiwandani, santuri ikikatika naacha kazi. Nasimama na koleo mkononi mpaka alitaje jina. Likiwa la mtu mwingine nafurahi, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo siku ya Mama ikifika, usipeleke simu. Mtume Lugano, mtoto wa mjomba. Anafahamiana na madereva wa malori ya mpunga wa Rujewa, wakimfikisha Makambako hatakosa gari la kuja huku. Najua ni siku mbili tatu, na najua nitayakosa mazishi. Nimelifikiri hilo, nimelia, na nimeamua. Asipitie ofisini. Aje kwangu, aningoje mlangoni. Nikimwona tu nitakuwa nimekwisha kujua, lakini nitamkaribisha, nitampa kiti na maji, nitamwuliza za njiani. Asiseme kabla sijaketi.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa nyumba ya juu, na mwalimu wa kwaya, mwambie sauti ya tatu wasiimbe kwa pua. Mjomba mwombe radhi kwa kumtumia mwanawe kama posta.

Mama mwambie shingo yangu itapona, mengine usimwambie. Na kama bado ana nguvu ya kusema, dada, usingoje. Mtume Lugano sasa hivi, aje na neno la Mama lolote, hata la kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,
Asajile