Nyongo ya Mzee Leodegar

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Bosi kasema! Alhamisi kuna nyongo ya kutolewa, na ikiwa nyepesi ni yangu mwanzo mpaka mwisho. Miaka miwili nawashikia watu kamera, wao wanakata. Sasa na mimi nishikiwe.

Sharti la bosi, Dk. Abdulhamid, ni lile lile. Kabla ya kila upasuaji wa matundu madogo ya kamera lazima niandike ubaoni: NYEPESI au NGUMU, na sababu. Ikiwa nyepesi, nafanya mimi. Ikiwa ngumu, anafanya mwenyewe, damu iko tayari, na mgonjwa ameambiwa anaweza kuamka na mshono mrefu. Kuiita ngumu nyepesi ni balaa. Ukikata mrija usiopaswa kukatwa, umemharibia mtu maisha.

Mgonjwa ni Mzee Leodegar, Mchaga wa Rombo, anauza sufuria jumla Kariakoo. Mwembamba, hajawahi kupasuliwa. Altrasaundi ya mwezi wa tatu: mawe yapo, ukuta wa kifuko cha nyongo mwembamba. Maumivu? Mara mbili tu, kasema, tena madogo.

Nyepesi! Nimempigia baba dukani kwake, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo hiyo hiyo. Akasema hongera mwanangu, halafu akauliza nyongo yenyewe iko upande gani.

Jumanne, 9 Septemba

"Mara mbili tu." Hainiingii akilini. Mtu wa mara mbili hatembei na vidonge vya vidonda vya tumbo mfukoni, na jana nilimwona akitafuna kimoja. Halafu watu wa sokoni nawajua, nimezaliwa dukani. Baba hajawahi kutaja namba ya kweli kwa mara ya kwanza. Hata umri wake anaanza na wa uongo.

Nikarudi wodini mchana. Mkewe, Mama Rogath, alikuwa anamkamulia chungwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Nikavuta kiti. Sikuuliza tena mara ngapi. Nikataja yangu.

"Mzee, tuseme limekuuma mara ishirini."

Akaruka! "Ishirini! Dokta, si ningekuwa kaburini?"

"Basi kumi na tano."

"Tatu."

"Mzee, mimi mtoto wa Sikukuu. Kumi na mbili."

"Tano, kwa sababu ni wewe."

Mama Rogath kaangalia dari, mdomo kaubana.

"Kumi," nikasema, "na ile ya Pasaka nakuachia."

Akamgeukia mkewe. "Ya Pasaka umemwambia wewe?"

Hakuna aliyeniambia! Mchaga, Pasaka, mbuzi wa mafuta, na mafuta ndiyo huamsha nyongo — nilibahatisha tu.

"Tisa," akasema. "Hapo nimefika mwisho."

Tisa! Na mbili kati ya hizo alikuwa na homa, anatetemeka dukani kajifunika koti. Kwa nini alificha? Kasikia kwamba anayeeleza mengi ndiye anayepasuliwa tumbo zima, na akipasuliwa tumbo zima nani atanyanyua makatoni?

Nimeomba altrasaundi mpya.

Jumatano, 10 Septemba

Ukuta umenenepa. Kidogo tu, pale pale mpakani mwa nyepesi na ngumu.

Bosi kaangalia picha. "Nyepesi hii. Chukua."

Chukua! Kanipa mwenyewe, mbele ya watu! Kalamu iko mkononi, ubao mweupe unaniangalia. Mwenzangu Anuari, ambaye tayari ameshafanya yake mbili na hachoki kutukumbusha, alikuwa ananikonyeza niandike haraka.

Nikaandika NGUMU. Sababu: ameugua mara tisa, homa mara mbili. Kila maumivu yakija yanaacha gundi ndani, na gundi altrasaundi haiioni vizuri.

Bosi kauliza kama ni kweli naikataa kesi yangu mwenyewe. Nikasema naikataa. Akauliza, na akiingia akakuta nyepesi?

"Nashika kamera mpaka Krismasi, bosi."

Anuari kasema nimejinyonga kwa kamba yangu mwenyewe. Nilienda chooni nikalia kidogo. Hasira tu. Halafu nikanawa uso nikaenda kumweleza mzee kuhusu mshono mrefu, nikaagiza damu.

Alhamisi, 11 Septemba

NGUMU! Ngumu, ngumu, ngumu!

Kamera imeingia, nyongo haionekani. Haipo! Mafuta na utumbo vimeigandia kama ukoko kwenye sufuria. Nimeshika kamera, najitahidi picha isicheze.

Bosi kabandua pole pole, muda mrefu. Kufika shingoni mwa kifuko, gundi tupu, mrija gani ni upi hakuna anayejua. Mtu mwenye haraka angekata hapo. Bosi hakulazimisha. Alifungua kifuko, akatoa mawe yote, akakata sehemu kubwa, kipande cha shingoni akakiacha na kukishona. Matundu manne tu! Mshono mrefu hakuna, na damu yetu haikuguswa.

Alipovua glavu akasema mbele ya wote, "Leo ningemwachia Zulekha peke yake, tungelia sote. Kanikataza yeye."

Mimi! Nimecheza chumba cha kubadilishia nguo, kofia ya upasuaji kichwani. Sista Josepha, muuguzi wetu, kanifumania. Nilidhani atanigombeza, kumbe kaweka trei chini, tukacheza wote.

Jumamosi, 13 Septemba

Mzee anakunywa uji na anamwonyesha matundu yake kila anayepita, hadi fundi wa feni. Nikamuuliza, ile tisa ilikuwa ya kweli?

"Tisa ilikuwa ya kukuondoa pale kitini, dokta."

Mama Rogath akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kumi na nne, kasema. Yeye ndiye aliyekuwa anamkanda usiku.

Kumbe nimepigwa! Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Lakini ushindi ni ushindi. Wauguzi sasa wananiita Dalali. Baba kasikia, anatembea Sikukuu nzima akitangaza kwamba ujuzi nimeutoa kwake.

Jumatano, 17 Septemba

Bosi kaniletea nyingine. Zamzam, dada wa Ilala, muuza vitenge. Altrasaundi ya jana, ukuta mwembamba. Hajawahi kupasuliwa. Mara mbili, kasema.

Mara mbili tena! Nikavuta kiti.

"Tuseme ishirini."

"Dokta, we mzima kweli?"

Kumi? Hapana. Tano? Hapana. Tatu basi, tumalizane?

"Mbili. Ya kwanza harusini kwa Amira, nimevaa dera la njano. Ya pili wiki mbili zilizopita, nyumbani. Nikuongezee ili iweje?"

Mama yake nimemuuliza peke yake, kwenye korido. Mbili. Dera la njano.

Nimekaa mbele ya ubao muda mrefu kuliko wiki iliyopita. Nikikosea kuandika ngumu, nachekwa. Nikikosea kuandika nyepesi, anayelipa ni Zamzam. Na naitaka hii kesi — naitaka mno, ndiyo maana sijiamini. Nimepitia kila kitu upya kana kwamba ni ya Anuari.

Nimeandika NYEPESI.

Alhamisi, 18 Septemba

Chumba cha kubadilishia nguo. Kiatu kimoja mguuni, kingine hakionekani.

Zamzam ameshalazwa kwa dawa ya usingizi. Anuari kashika kamera. Anuari ananishikia kamera mimi!

Bosi kapita mlangoni. Kasema yuko chumba cha pili, nikimhitaji nipige kelele. Halafu akauliza kama bado nasimama na neno langu.

"Bosi, nimembana kila upande. Hakupanda hata moja."

Akaguna, akaenda. Nimenyoosha mikono kuitazama. Imetulia! Baba angeiona.

Josepha ananiita. Kiatu nimekipata, kilikuwa chini ya benchi. Ananiita tena —