Jina Ambalo Sikulitaja

Jumatatu, 2 Mei 1983
Darasa la pili, chaki nusu kipande. Watoto wameandika ardhini kwa vijiti. Jioni masomo ya watu wazima: wamekuja akina mama wanne. Kesho nipeleke rejista yao kwa katibu kata. Sabuni hakuna Tinde nzima. Nimefua kwa majivu.

Jumatano, 4 Mei
Wamemchukua Baba Kulwa. Landrova ya polisi ilisimama dukani kwake asubuhi. Wakatoa katoni za sabuni na magunia mawili ya sukari nyuma ya kihenge cha mtama. Mlanguzi, wamesema. Amepelekwa Shinyanga. Mkewe alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Nilimshika mkono, akauvuta. Nikadhani ni uchungu.

Ijumaa, 6 Mei
Sasa nimeelewa. Wanasema nimemchongea mimi. Jumanne nilionekana naingia ofisi ya kata, Jumatano gari likaja. Basi, ushahidi umetosha. Kisimani nimewaamkia mwangaluka, wanawake sita, hakuna aliyeitikia. Wakajitwika ndoo wakaondoka.
Mama Kulwa ndiye aliyempokea Vero wangu alipozaliwa. Alikaa nami nilipofiwa na mume. Anawezaje kuamini?
Na hili niliandike nisije nikajidanganya. Nilijua sabuni ipo. Mwezi wa tatu alinipa vipande viwili kwa siri, nikapokea. Na gari lilipoondoka, kitu kidogo ndani yangu kilisema: afadhali. Je, hilo si sawa na kuchongea? Sijui.

Jumapili, 8 Mei
Benchi letu kanisani tumekaa wawili, mimi na Vero. Padre hakuja, katekista Yohana ameongoza ibada. Baadaye nikamwuliza nifanye nini.
"Nyamaza, Mwalimu," akasema. "Bwana alisingiziwa akanyamaza. Beba msalaba wako."
Alisema hayo huku akikunja kitambaa cha altare. Nimeamua kunyamaza. Lakini kunyamaza kwangu kunafanana sana na kukiri.

Jumanne, 10 Mei
Nusu ya darasa haikuja. Wazazi wamewazuia. Vero amerudi na gauni limechanika begani. Wenzake wamemwimbia kuwa mama yake ni nyoka. Ameniuliza, "Mama, kama si wewe, mbona husemi?"
Nimechukua sindano nikashona gauni. Ana miaka tisa.

Alhamisi, 12 Mei. Kupaa kwa Bwana
Nimekwenda kwa Yohana kumwambia nimechoka. Kwamba kesho nakwenda kwa katibu kata, nimwombe aseme mbele ya watu ni nani aliyempelekea habari.
"Usiende, Mwalimu." Uso wake ulipauka. Akakaa kizingitini. "Ni mimi."
Mkewe Anastazia ni mjamzito, miezi imetimia. Yohana alikwenda kuomba mche mmoja wa sabuni kwa ajili ya mtoto. Baba Kulwa akaapa hana. Kesho yake Yohana akaona katoni nzima ikitolewa mlango wa nyuma, anapewa mgeni. Hasira ikampeleka kwa katibu. "Nilidhani watamlazimisha auze tu," akasema. Alilia.
Nimeondoka bila kuaga. Aliniambia nibebe msalaba. Kumbe wake!

Ijumaa, 13 Mei
Nimesahihisha madaftari yaleyale mara mbili. Nikimtaja, shemeji za Mama Kulwa watamvunja mgongo, na Anastazia atajifungulia kwenye vurugu. Nisipomtaja, Vero anapigwa. Neno jema likitoka kinywa cha mwongo, bado ni neno jema? Bwana alinyamaza, lakini yeye hakuwa na mtoto wa kumpeleka shule. Sijui kama ni dhambi kuandika hivi. Nimesali. Sikusikia kitu.

Jumamosi, 14 Mei
Nimekwenda kwa Mama Kulwa. Hodi mara tatu. Sikukaribishwa, nimesemea uani.
"Mama Kulwa, si mimi. Ofisini nilipeleka rejista."
"Basi ni nani?"
"Namjua. Jina sitalitaja."
Akacheka, si kicheko kizuri. "Hata mchawi husema hivyo." Akafunga mlango.
Sijui kwa nini nilidhani itatosha. Nikapita kwa Yohana, nikamwambia, "Nimesema langu. Limebaki lako." Nikarudi nyumbani.

Jumatano, 18 Mei
Yohana amesema. Jana alasiri alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya Mama Kulwa na shemeji zake. Wamempiga, jino limetoka. Ukatekista ameuacha. Leo kisimani wote wameniamkia kwa sauti kubwa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilingoja furaha. Haikuja.
Mama Kulwa ametuma bakuli la maharage. Hakuja mwenyewe. Sijui kama ni kuomba radhi au ni aibu tu. Tumeyala. Vero aliomba kuongezewa.
Baba Kulwa bado yuko Shinyanga.

Jumapili, 22 Mei. Pentekoste
Anastazia amejifungua juzi, mtoto wa kike. Hakuna mwanamke aliyekwenda kumtazama. Sasa zamu ya kutengwa ni yao.
Sikutaka kwenda. Baada ya ibada nilikaa nikitafuta sababu, na nilizipata nyingi, nzuri. Halafu nikachukua unga wa ulezi nikaenda.
Nimempikia uji. Nimemwogesha mtoto. Ni mdogo, ana nywele nyingi. Anastazia alinishika kiganja akakataa kukiachia. Yohana alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Hakuingia, nami sikumwita. Hasira bado ninayo. Leo sikuiona ikipungua.
Nimefua vitambaa vya mtoto, nikavianika juu ya ua wa minyaa. Kulikuwa na upepo. Vilikauka upesi.