Fundi wa Lori la Theluji

Mwanangu Fahd,

Assalaam alaykum. Mamako hajambo, na mikarafuu mwaka huu imezaa vizuri.

Ile video yako imefika mpaka kwenye simu ya Seif, mwenye duka hapa Mtambile. Alituonesha sote barazani. Umelala chini ya lori kuukuu, unafunga bamba la chuma la kusukumia theluji. Unaeleza kwamba hutoboi chesisi, ile fremu ya chini ya lori, unatumia matundu yaliyokuwapo na vibano, kwani chuma cha zamani kikitobolewa hupasuka. Uso hauonekani, ila sauti niliijua.

Seif akasema, "Fundi huyu ana mikono. Mtoto wa nani?"

Nilikwisha kuwatangazia kuwa wewe ni daktari huko Kanada, jambo ambalo hukulisema kamwe. Nikamaliza kahawa yangu nikaenda zangu.

Usingizi haukunijia. Leo nimerudi nikamwambia Seif kuwa fundi yule ni wangu.

"Tulijua, Mzee Humoud," akanijibu taratibu. "Sauti ya Fahd nani asiyeijua? Tulikuwa tukikungoja wewe useme."

Sikuweza kumtazama usoni.

Niwie radhi.

Babako,
Humoud