Kengele Iliyokuwa Ikikujua Wewe

Kaka Idrisa,

Salaam zangu zikufikie hapo ulipolazwa. Ijumaa nlikuja na mama, nikakusomea Yasini, lakini mengine yote sikuyasema kwa sababu sikutaka anione nikilia kama mtoto. Basi nnakuandikia barua. Najua hutoisoma. Najua pia ungekuwepo ungenicheka: "Salma, unatuma kwa mtu ambaye hayupo hewani." Nyamaza we, leo nsikilize mimi.

Nyaya ulizozivuta juu ya kichochoro zipo, hazijaguswa. Bi Kulsum, jirani yetu wa dirisha kwa dirisha, kila magharibi anazungumza na binti yake aliyeko Maskati kwa waifai yetu, na bado anapiga makelele utadhani anataka amfikie kwa pumzi zake mwenyewe. Juzi alikatisha mazungumzo akanambia, "Kila nikimsikia mwanangu namwombea Idrisa." Nikaitikia amina, nikakimbilia chooni nikafungua bomba ili nisisikike. Kichochoro kizima kinazungumza na watu wake kwa kazi ya mikono yako, kaka, na mimi sina pa kukupata. Inaniuma, wallahi inaniuma.

Unaikumbuka ile Ramadhani mama alipokuuliza vipi sauti yetu na sauti ya Bi Kulsum zinapita kwenye waya mmoja na zisichanganyike? Ulichukua sahani ya tambi, ukaigeuza chini nusura uzimwage, ukamwonesha lile doa la rangi ya kucha analotia kwenye vyombo vyake vyote visipotelee kwa majirani. Ukamwambia, maneno hayendi mazima. Yanakatwa vipande, na kila kipande kinatiwa alama kinatoka kwa nani na kinakwenda kwa nani, kama sahani za futari. Vinapita pamoja na vya watu wengine, vyengine vinazunguka njia ya mbali, na kule mwisho vinapangwa upya. Na kila kinachofika, wa kule anaitika: naam, nshakipata.

Mama akauliza, "Na asipoitika?"

"Huyu anatuma tena."

"Na asipoitika kabisa?"

"Anatuma, anatuma, mwisho anakata tamaa."

"Masikini," mama akasema, akakihurumia kile kisanduku chako chenye vitaa kama mtoto yatima. Tulicheka mpaka adhana ikatukuta hatujatia tende mdomoni.

Na ile kengele. Mimi nlikuwa naionea wivu, nakwambia kweli. Mlango wetu wa chini una ufunguo mmoja, jiko lipo juu kabisa, na mama masikio yake ndiyo hayo. Watu wote wanasimama kichochoroni wanapiga hodi mpaka koo linakauka, ndipo mama ateremshe ufunguo kwa kikapu kutoka dirishani. Wewe ukatundika kikengele jikoni, ukakiunga na kisanduku cha waifai. Kila simu ina namba yake iliyotoka nayo kiwandani, ulinieleza, na kisanduku kiliijua ya kwako. Ukifika tu pembeni ya nyumba, simu yako inaingia kwenye mtandao, kengele inalia juu, kikapu kinateremka, na wali unapakuliwa. Bwana mkubwa kaja! Nikakwambia na mimi nitie. Ukanijibu, "Wewe wa nini? Mdomo wako unasikika toka Darajani."

Siku ulipoanguka na vespa njia ya Nungwi, ukienda kutengeneza intaneti ya hoteli, waliokuokota walimkabidhi Saleh simu yako, kioo kimepasuka. Saleh, fundi mwenzako mliyekuwa mkipanda naye mapaa, hakuweza kutuletea. Aliificha kwao Jang'ombe. Hitma ilipokwisha akaitia kioo kipya, akaichaji, akaona ampelekee mama aone picha za mwanawe. Nia yake ilikuwa njema. Yeye ndiye aliyekushikia ngazi ulipokuwa ukiitundika ile kengele, na siku hiyo aliisahau.

Ilikuwa adhuhuri. Mimi nakuna nazi, mama yuko mbele ya chungu. Kengele ikalia.

Mama hakushtuka. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alijifuta mikono, akachukua kikapu chenye ufunguo, akakiteremsha dirishani bila ya kuchungulia, kama alivyozoea, akaja kuchukua sahani. "Kaja Idrisa," akasema. Akapakua wali, akatia mchuzi wa papa, akaweka na achari pembeni. Mimi nliliona jeneza lako likitoka mlango ule ule, na mimi pia nlikimbilia ngazini, kaka. Nlisimama pale juu, natazama chini kwenye kiza, nasema yarabi, yarabi.

Akapanda Saleh. Ufunguo mkono mmoja, simu yako mkono wa pili. Aliona kikapu kikimteremkia akafahamu alichofanya, na alipofika jikoni akaiona sahani, akaanguka chini analia, jitu zima lile. Mama akamsogezea sahani. "Kaa ule, mwanangu. Nshapakua." Na Saleh akala chakula chako, na machozi yake humo humo.

Nlidhani yamekwisha. Wapi! Simu ikabaki kwa mama. Siku moja nimerudi kutoka dukani, niko chini kichochoroni, nasikia kengele inalia juu. Ikanyamaza. Ikalia tena. Mlango ulikuwa wazi, nikapanda mbio. Mama amekaa juu ya mbuzi ya nazi, simu yako mapajani. Anaizima, anaiwasha. Ikiingia kwenye mtandao kengele inalia, na yeye anatazama ngazi. Chungu kimejaa, hakujapakuliwa kitu.

"Mama, unafanya nini?"

"Namsikiliza tu akija."

Ikawa kila siku. Chakula hali mpaka nimlazimishe, na nikimlazimisha anameza viwili vitatu, basi. Mabuibui yake yakawa yanamvaa badala ya yeye kuyavaa. Nikamwendea Saleh, nikamwambia iondoe kengele ile, itaniulia mama yangu, nshazika mmoja sitaki kuzika mwengine. Akaja na bisibisi yake. Mama alipoiona tu akasimama mbele ya kengele, akaifunika kwa viganja viwili. Saleh akanitazama, mimi nikamtazama yeye. Akarudisha bisibisi mfukoni, akenda zake.

Sasa nsikilize hapa. Siku ya mvua kubwa nlirudi nikakuta mlango umefungwa. Nikapiga hodi, nikaita mama, mama, na huu mdomo unaosikika toka Darajani. Mvua inapiga mabati, hanisikii. Na juu ya mvua naisikia kengele yako. Inalia, inanyamaza, inalia. Mimi niko chini nnaita, yeye yuko juu anakusikiliza wewe. Nikakaa kwenye baraza, maji yananichuruzika mgongoni, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu ufe. Nlikulilia wewe na nlijililia mwenyewe.

Mvua ilipopungua mama akatokeza dirishani kuanua kanga alizosahau, akaniona. Kikapu kikashuka mbio. Nlipofika juu akanifuta kichwa.

"Umekuja tangu lini?"

"Zamani, mama. Nimekuita hukunisikia."

Akaitazama kengele, akanitazama mimi.

"Hii haikujui wewe?"

"Hainijui."

"Kwa nini Idrisa hakukutia?"

Nikamwambia ulivyosema kuhusu mdomo wangu. Akacheka, kaka! Alicheka kisha kicheko kikageuka kilio, tukakumbatiana pale jikoni mimi nimerowa na yeye akarowa. Alipotulia akasema, "Mwite Saleh. Mwambie akutie." Halafu akaizima simu yako kwa mkono wake, akaibusu, akaifunga kwenye kanga yake ile ya hudhurungi, akaiweka ndani ya kasha pamoja na kofia zako. Ufunguo wa kasha kanipa mimi.

Saleh alikuja kesho yake. Ilikuwa kazi ndogo tu, alikaa muda mrefu kwa sababu alikuwa hataki kuigusa namba yako. Mama akamwambia aiache ya kwako ibaki, aongeze yangu chini yake. Ndivyo ilivyo sasa. Kisanduku kinatujua sote wawili.

Jana ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nimetoka dukani, nimebeba samaki na mikate, nakunja pembe ya nyumba, na kengele ikalia juu. Nikasimama. Kikapu kikaanza kushuka, kinagonga ukuta kama kinavyogonga siku zote. Na mama, kwa mazoea, kabla hajafikiri, akaita kwa ile sauti ambayo nlidhani imezikwa pamoja na wewe:

"Idrisaa!"

Kichochoro kizima kilisikia. Bi Kulsum alitoa kichwa dirishani akakirudisha. Kamba ikasita, kikapu kikabaki kinaning'inia. Nikajua mama ameshatambua alichosema, na nikajua kwamba asipojibiwa ataita tena, na tena, mpaka akate tamaa.

"Naam, mama," nikaitika.

Kisha kamba ikateremka yote.

"Panda, Salma mwanangu. Chakula kinapoa."

Alikula, kaka. Alimaliza sahani yake, akachovya na mkate.

Allah akupanulie kaburi lako, akutilie nuru, akukutanishe na marehemu baba. Mimi nshakuaga, ingawa Ijumaa ntakuja tena na ntakulilia tena, unanijua. Na hili nakuahidi: kila siku nikiwa hai ntarudi nyumbani, na kengele italia. Akiniita Salma ntaitika. Akiniita kwa jina lako, pia ntaitika.

Mdogo wako,
Salma